Video ya Harusi Yetu

Siku hizi video ikikwama nyumbani, hakuna anayelaumu mtandao. Kila mtu anajua kompyuta huisimamisha pale anayeongea kwenye picha anaposema jambo lisilotoka moyoni, kisha huiachia iendelee.

Miaka yote wifi yangu Skola aliutangazia mtaa kwamba kaka yake, Kizito, alinioa kwa huruma tu. Jumapili nikamwalika pamoja na mama mkwe, nikawapa chai na vitumbua, nikawasha video ya harusi yetu.

"Leo tumepata binti," mama mkwe akahutubia, na video ikaganda. Skola alipotokea akinikumbatia na kusema, "Karibu nyumbani, wifi," iliganda mpaka chai ikapoa.

Kisha Kizito akanishika mkono mbele ya padri. "Nitakupenda siku zote za maisha yangu." Maneno yalitiririka bila kusita. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia, na Skola akainamia kikombe chake.

"Umesikia, wifi? Niirudishe nyuma usikie tena?"

Nyuma yangu video ilikuwa inaendelea. Zamu yangu ya kuapa ikafika. Nilisema maneno yaleyale, na picha ikaganda kinywa changu kikiwa wazi.

Hakuna aliyecheka.

"Leo mtandao unasumbua," Kizito akasema kwa upole.