Usiku Mkavu

Mama mlezi alimfunga kila mtoto lebo kwenye kifundo cha mkono. Zilikuwa lebo za karatasi ngumu zenye uzi, alizozichota kwenye boksi la mapokezi ya makumbusho. Zilezile zilizoning'inia miguuni pa wanyama waliokaushwa. Aliziandika mwenyewe jioni ile, na kila moja akaigeuzia maandishi ndani.

"Msije mkapotea," alisema. "Na atakayeifungua, nitamjua."

Watoto kumi na mmoja wa kituo cha kulelea watoto walikuwa wameusubiri usiku huu mwezi mzima: kulala makumbusho, chini ya mifupa ya nyangumi. Waliambiwa wabebe nguo zao zote, maana ukumbi una baridi.

Binti mkubwa kuliko wote, ambaye wenzake walimwita Mama Mdogo, hakuutazama mfupa hata mmoja. Roho yake ilikuwa juu. Mdogo wake wa miaka minne alikuwa kikojozi, na mama mlezi alikuwa amemvuta binti pembeni.

"Huyu akilowesha godoro la watu, kesho hapandi basi langu. Umenielewa?"

Alielewa. Hakuwa na ndugu mwingine.

Mama mlezi akaaga kwamba anakwenda kulala kwenye basi. Mgongo wake hauwezi sakafu. Alipotoka tu, utani ukaanza.

"Mama Mdogo, mlaze karibu na kiboko," mmoja alisema. "Yule kazoea maji."

Wakacheka mpaka wakapaliwa, kisha usingizi ukawachukua mmoja mmoja.

Yeye hakulala. Alimnyima mdogo wake maji. Kila saa ya ukutani ilipogonga alimbeba hadi chooni, wakipita mbele ya simba mwenye macho ya kioo. Mtoto akalia kwamba simba anamwangalia. Akamfinya anyamaze, kisha akajichukia. Walipotoka chooni mara ya nne, alimlaza, akaingiza kiganja chini yake na kukiacha hapo, ili akihisi joto tu amnyanyue. Akaomba bila madoido, kama mtu anayemwomba jirani chumvi: Mungu, mwache mkavu mpaka asubuhi. Sikuombi kingine.

Mungu akampa. Mwanga ulipopenya madirisha ya juu, godoro lilikuwa kavu kama ngozi ya yule simba. Alilipapasa mara mbili, akacheka peke yake. Akamvalisha mdogo wake viatu, akamshika mkono, wakawa wa kwanza mlangoni.

Mlinzi mzee wa zamu ya asubuhi alikuwa anafungua komeo. Nje, maegesho yalikuwa matupu.

"Basi letu liko wapi, babu?"

Mlinzi akakuna kichwa. Mwenzake wa usiku, alisema, alilifungulia geti kabla hata taa hazijazimwa.

"Lakini hakukojoa," binti alisema. "Njoo ulishike godoro mwenyewe."

Mlinzi hakwenda. Alikuwa ameugeuza mkono wa mtoto, anasoma lebo: jina, umri, mahali alipookotwa. Chini kabisa, kwenye mstari wa masharti ya anayeipa makumbusho kitu, mama mlezi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Kimetolewa. Hakirudishwi.