Mlango Unaosikiliza Sala

Kila mlevi anayeacha pombe huwekewa na serikali mlango unaosikiliza nyumbani kwake. Kila asubuhi husali, kwa dini yoyote atakayo. Mlango ukiridhika kwamba sala imetoka moyoni, unafunguka. Mimi siamini Mungu. Niliomba nipelekwe kwenye kikundi cha watu wanaozungumza tu, nikajibiwa kwamba hakimo kwenye orodha.

Leo ni siku ya tatu mfululizo mlango umenigomea, na mama yangu mzazi anazikwa saa nane.

"Mama Tusa, hebu jaribu tena," alisema mume wangu, Ambakisye.

Nilisali Baba Yetu yote, mpaka mwisho. Mlango ukajibu kwa upole, "Moyo haumo."

Nina miezi kumi na moja sijaonja. Zamani nikilewa nilikuwa namlilia Mungu mpaka majirani wanaitikia amina.

Ambakisye alilikumbuka hilo kabla yangu. Akatoka, maana yeye mlango haumuulizi kitu, akarudi na kichupa cha gongo. Alikiweka mezani bila kunitazama.

"Kidogo tu, Mama Tusa," alisema. "Mlango ufunguke, tukamzike mama."