Visu Vitatu Ndani ya Achari

Bi Mize, mkulima wa mwani, aliitua chupa ya achari ya ndimu mbele ya Shaweji muuza visu. Ndani yake vilizama visu vitatu vya kukunja, alivyovichukua dukani kwake kwa majaribio siku tisa nyuma.

"Mama wee! Umevipika visu vyangu?"

"Si ulisema havishiki kutu hata vikilala baharini? Achari yangu ni kali kuliko bahari, baba. Juzi iliyeyusha kijiko."

Shaweji alicheka. Bi Mize hakucheka. Mwezi uliopita kamba ya mwani iliyofungwa kigingini ilimzonga mguu maji yakijaa, na kisu chake cha zamani, kwa kutu, kikagoma kufunguka. Aliitafuna kamba mpaka ikakatika, jino la mbele likabaki humohumo.

Alivitoa visu kwenye chupa, akavijaribu kimoja kimoja. Cha kwanza, chenye mpini wa kung'aa, hakikufunguka kabisa. Cha pili kilifunguka kikilia kama mlango wa ghala. Cha tatu kilikuwa cheusi, hakina hata urembo. Alikisukuma kwa kidole gumba, mkono mmoja tu: tak!

"Huyu ndiye mume," alisema. "Hana sura, lakini ukimwita anaitika."

Akatoka nacho moja kwa moja hadi ufukweni, mbele ya duka. Shaweji akamwona ameinama penye kigingi kilekile, anajizungushia kamba mguuni kwa makusudi.

"Mama, maji yanajaa!"

Bi Mize aliinua kisu, bado kimekunjwa, akatabasamu kwa pengo lake, akangoja maji yamfike kiunoni.