Kitu cha Kupimia

"Mtoe! Mtoe huyo shetani kabla sijachelewa kazini!"

Mume alikuwa amejibanza ukutani, mkoba kifuani, ufunguo mkononi. Buibui mnene, mweusi mwenye mistari ya njano, alikuwa ametanda utando wake kwenye geti, naye mwenyewe amekaa katikati, juu kidogo ya kufuli. Mwanamume huyu, ambaye mtaa mzima ulimwogopa, alikuwa anatokwa na kijasho chembamba.

"Sijui kama ana sumu," mkewe alisema. "Ngoja niwaulize wenzangu."

Wenzake ni wale wa kwenye simu, kundi la wapenda buibui wanaotumiana picha na kutajiana majina ya vijidudu. Ndilo kundi pekee alilobakiziwa. Ndugu zake walipokuja kumtazama walirudishwa getini, namba zao zikafutwa, na kila jioni mume alisoma kila neno lililoingia na kutoka. Kundi hili alilipekua, akacheka, akaliacha. Heri mke anayeongea na vijidudu.

Maana nje hatoki. Mume akiondoka hupitisha mkono kwenye tundu la geti, hufunga mnyororo kwa kufuli, na mlio wake humfikia mke hadi jikoni. Halafu mke hubaki na ua mdogo, kuta zenye vipande vya chupa juu, na buibui wake kwenye maua. Alianza kuwapenda utotoni, katika karakana ya baba yake, walikojaa kwenye makopo ya vipuri.

Alipiga picha, akatuma. Jibu lilikuja papo hapo kutoka kwa mkuu wa kundi, aliyejiita Babu Utando: "Picha nzuri, ila bila kipimo siwezi kumtambua. Weka kitu kando yake tujue ukubwa."

"Anataka kitu cha kupimia," mke alisema. "Nikalete kijiko?"

"Kijiko! Wewe ukiingia ndani kutoka ni mpaka adhuhuri. Pima na huu. Nashika mwenyewe."

Ufunguo ule hakuwahi kumwachia mtu. Hata kuoga alioga nao. Akaunyoosha mkono, uso kaugeuzia pembeni kama anayechomwa sindano.

"Usitikisike," mke alisema, akiisogeza simu karibu. "Haya, geuza. Anataka na upande wa pili."

"Babu gani huyu, maswali kama polisi!"

Lakini aligeuza.

"Safi kabisa," Babu Utando aliandika. "Nimemtambua. Ni buibui wa bustani, hana madhara. Msimuue."

Mke alimsogeza buibui kwa kidole, taratibu, hadi kwenye bawaba. Mume akapita mbio, akafunga, na ushujaa ukamrudia alipokuwa nje. "Mnafanana, wewe na mdudu wako," alisema kupitia tunduni. "Kazi yenu kukaa ukutani tu." Jioni alisoma ujumbe wote wa kundi, akacheka tena.

Kesho yake, mume akiwa ameshaondoka, mnyororo ulilia tena. Kule jikoni mke aliusikia. Amesahau nini? Alitoka uani akitafuta maneno ya kujitetea.

Mkono ulioingia tunduni haukuwa wa mumewe. Ulikuwa wa kizee, wenye makovu ya tupa, na ufunguo ulioushika ulikuwa bado una unga wa chuma. Ukaingia kwenye kufuli, ukazunguka bila kukwama.

"Picha zako zilitoka vizuri, mwanangu," baba yake alisema. "Twende."

"Subiri kidogo, baba."

Alikwenda kwenye bawaba, akamchukua buibui kwa kikombe kile kile alichotumia kumleta pale getini juzi usiku, akamrudisha kwenye maua yake.