Gogo Mlangoni

"Nani ameweka gogo hapa?" Murungi aliuliza, akimdaka mamake asianguke.

"Mimi," mkewe Kaari akajibu, akiendelea kuchambua maharagwe. "Na lisiondolewe."

Gladwell, mamake Murungi, alikaribia miaka themanini. Tangu ateleze kwenye matope wakati wa mvua, miguu yake haikuinuka tena vizuri. Aliiburuta. Hata kokoto ilitosha kumkwaza.

"Mke wako ataniua," alilalamika, majirani wakisikia. "Jana ilikuwa ndoo. Juzi alichimba mtaro kwenye njia ya choo."

Murungi alimfokea mkewe, akalitupa gogo nyuma ya zizi. Kisha akamkalisha mamake kitini, akamfunika magoti kwa leso.

"Usisimame, mama. Ukitaka kitu, niite."

Asubuhi gogo lilikuwa limerudi, na kando yake jiwe. Kijiji kizima cha Muthara kikajua. Kanisani, wanawake walisogea wakamwachia Kaari benchi peke yake. Hakujitetea. Kila siku alisimama nyuma ya mama mkwe akimtazama akijaribu kuvuka.

"Inua mguu. Bado. Inua zaidi."

Gladwell alimjibu kwa matusi ya Kimeru ambayo majirani waliona aibu kuyarudia.

Siku ya kikao cha ardhi, Murungi alivaa koti akaenda kwa chifu. Mtu aliyetaka kununua shamba alikuwa ameshafika, ameketi karibu na wazee.

"Shamba ni la mama yako," mzee Kobia, mwenyekiti, akasema. "Mbona hajaja aseme mwenyewe?"

Murungi aliinamisha kichwa. "Mama hawezi kutembea, mzee. Kutoka kitini tu ni shida. Lakini amekubali niuze, nipate kumtunza."

Wazee walitazamana kwa huruma. Kobia akachukua kalamu.

Nje, watu waligeuka kutazama. Gladwell alikuwa anavuka mfereji wa barabarani. Akazipita pikipiki zilizoegeshwa ovyo, akainua mguu juu ya kizingiti, akaingia. Kaari alimfuata nyuma, bila kumgusa.

"Shamba haliuzwi," Gladwell akawaambia wazee.

Murungi alisimama, akamnyooshea mkewe kidole. Mamake hakumtazama. Alimgeukia Kaari, akamshika mkono kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Sasa kesho uniwekee ngazi," akasema, "kama tulivyopatana."