Fimbo ya Mama

Fimbo iligonga darini mara tatu. Radi akavua shati lake akalitandika juu ya dramu.

"Tena?" mpiga gitaa akauliza. "Kaka, tukishusha zaidi ya hapa tutakuwa tunapiga kimoyomoyo."

"Shusheni. Mama anaumwa huko juu."

Jina la Radi halikuwa la bure. Miaka kumi bendi yao ya roki ilipasua spika katika stoo ya chini, na miaka kumi mama yake aligonga sakafu ya chumba chake cha juu kuwaomba wapunguze. Sijui walikuwa na roho gani. Walicheka tu wakaongeza. Sasa kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mama ulimi na mkono wa kulia. Alibakiwa na fimbo, kwa mkono wa kushoto.

Daktari alisema apumzike. Radi aliamini kabisa kwamba ni makelele yao yaliyomfikisha pale, na hilo lilimla usiku na mchana. Kuhamia kwingine alikataa, asije akawa mbali naye. Alitaka kitu kimoja tu: wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, usiomsumbua mama.

Basi, wakiiandaa albamu yao mpya, wakashusha. Magitaa ya umeme yakawekwa kando, dramu ikapigwa kwa brashi, na mwimbaji aliyezoea kufoka akawa ananong'ona. Ajabu, kadiri walivyopunguza, ndivyo fimbo ilivyozidi. Radi akakonda. Mashabiki wakamtania kwamba radi imegeuka manyunyu. Mtayarishaji wao, yeye alisikiliza akafuta machozi, akasema albamu hii ya huzuni ndiyo itakayowatoa.

Siku ya kurekodi wimbo wa mwisho, dada yake Radi alishuka kuchukua maji ya mgonjwa.

"Leo amekazana na lile daftari alilopewa hospitali la mazoezi ya kuandika tangu asubuhi," alisema. "Anaandika kwa kushoto, na hataki hata nimshikie. Mimi naona mikwaruzo tu."

Wakaanza. Radi alipiga dramu kwa ncha za vidole, roho mkononi, masikio yote yako darini. Ubeti wa kwanza, kimya. Kiitikio, kimya. Sauti ya mwisho ya gitaa ikafifia, na juu bado kimya.

Mpiga gitaa akamkumbatia. Radi alilia kwa furaha bila kuona haya, akapanda ngazi mbilimbili kwenda kumshukuru mama yake.

Dada yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akimfumba mama macho. Fimbo ilikuwa imelala juu ya shuka.

"Sasa hivi tu," dada alisema. "Alinionyesha kwa kidole nikupe hili."

Radi akalifungua daftari. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, nyingine zimetoboa karatasi.

"Mwanangu, siwasikii. Pigeni kama zamani."