Kisiki Mbele ya Kipa

Kipa alimkamata jezi mgongoni hata kabla kona haijapigwa.

Kisiki hakugeuka. Alipanua miguu, akatuna mabega, akamziba mwenzake kama mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mabao hakuwa nayo, na mbio hakujaliwa. Lakini kila ikipatikana kona, kocha alimtuma akasimame mbele ya kipa, na hajatokea wa kumng'oa. Jina la Kisiki hakulipata bure.

"Kusimama si kosa," kocha alimkumbusha wakati wa mapumziko. "Kosa ni kumfuata. Akikwepa kushoto nawe ukahama naye, refa anapuliza. Wewe tia mizizi tu."

Fainali ilikuwa ukingoni, timu zikiwa sare. Na kipa aliyekuwa akihema nyuma yake alikuwa mume wa dada yake.

Asubuhi ile dada alikuwa amemfuata hadi mlangoni. "Kaka, nakuomba, leo usimzonge mume wangu. Usiku kucha hakupata usingizi."

"Nani analala kabla ya fainali? Mimi mwenyewe nimekesha."

"Si hivyo, kaka…"

"Ushemeji tunauacha nyumbani, dada. Uwanjani kila mtu na lake." Akaondoka na begi lake begani, akiwaza kwamba wapinzani wamekosa haya: wamefika hadi kumtuma dada wa watu.

Sasa refa aliwasogelea, kidole juu. "Nawaona nyote wawili. Wewe, mikono chini. Kipa, achia jezi."

Kisiki alishusha mikono. Kipa hakuachia.

"Shemeji," alinong'ona, pumzi ikimchoma Kisiki shingoni. "Usiondoke hapo."

Kejeli! Kisiki akasaga meno. "Siondoki ng'o. Leo utanitambua."

Kipa akamlalia kwa uzito wake wote. Kisiki akajikaza, akarudisha mgongo nyuma, akamgandamiza asipate hata nafasi ya kuinua kiwiko. Jasho la mwenzake lilipenya jezi likamlowesha. Jasho lote hili, alijisemea; nguvu si zimekuisha?

Kona ikapigwa. Mpira ukapaa juu ya vichwa, ukazunguka, ukashuka palepale mbele ya lango. Kipa hakuruka. Angerukaje, na njia imezibwa? Beki mmoja mrefu wa upande wa Kisiki akaudunda kwa kichwa, nyavu zikatikisika.

Kabla uwanja haujalipuka kwa shangwe, filimbi ikalia. Ikalia tena, ndefu, ya kukata masikio.

Damu ilimpanda Kisiki. Msimu mzima, kisha waporwe mchana kweupe! Alichomoka kumkabili refa, na nyuma yake akasikia kishindo. Hata kutazama hakutazama. Makipa na kujiangusha ni chanda na pete.

"Nilisimama tu, refa!" alifoka, mikono hewani. "Sikumfuata! Hatua moja sikuhama! Yeye ndiye alinishika, wote wameona!"

Refa hakusimama. Alikuwa akikimbia kuelekea langoni, uso umemsawijika, mkono mmoja ukipungia benchi.

"Bao lenu ni halali," alisema akimpita. "Namwita daktari. Macho yamemgeuka huyo. Mgongo wako ndio uliokuwa umemsimamisha."